Mayai ya Jumanne na Ijumaa

Kolwezi, 14 Septemba 2024

Kwako Tata,

Jambo sana, na jambo kwa Tatiana. Sisi tuko wazima. Vumbi la malori linatukohoza tu, tunangoja mvua ije ilishushe. Stéphane, mkwe wako, amebadilishiwa zamu kazini na sasa anashinda nyumbani asubuhi, anatengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Binti yako Mamie alipita Jumapili akitoka Fungurume. Samaki zake zinauzika, amenenepa, na anakuomba usimdekeze mtoto wake. Simu nimeacha kujaribu. Nikisema "Tata" mtandao unakatika, ukisema "Nani?" unarudi, na mwisho tunagombana bila sababu. Afadhali barua, na Stany na lori lake wazichukue.

Sasa neno lenyewe. Unajua ni mwaka wa pili nikiwa directrice, mkuu wa shule hii ya maternelle. Nina watoto arobaini na wawili, wa miaka mitatu hadi mitano. Nusu wanatoka kwa waajiriwa wa migodi, wanakuja na soda, biskuti na keki za dukani. Nusu wanatoka kwa wachimbaji wa mikono, wanakuja na tonge la bukari baridi, au mikono mitupu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini kwangu wanakaa benchi moja na wanajuana vizuri sana. Mwezi wa tano sista wa kituo cha afya aliwapima mikono kwa ule utepe wa rangi. Tisa waliangukia kwenye njano, dalili ya utapiamlo. Na usidhani ni wa wachimbaji tu. Wawili walikuwa wa soda na biskuti.

Basi nimeandika kanuni za chakula, nimezibandika mlangoni. Hakuna chakula kutoka nyumbani, hakuna soda. Wote wanakula chungu kimoja: bukari, maharage, majani ya sombe au bitekuteku, samaki wadogo wa ndakala, na tunda likipatikana. Wazazi wanaleta unga kwa zamu. Akina mama wa parokia wanaofuga kuku wanatupa mayai, na kila Jumanne na Ijumaa kila mtoto anapata yai lake.

Komite ya wazazi imenipa mpaka mwezi wa pili. Tarehe 22 Februari watakaa na kuamua: ama jiko libaki, ama turudi kwenye vikopo vya nyumbani. Tata, nalitaka jiko hili kuliko nilivyowahi kutaka kitu kazini. Nakutumia nakala ya kanuni. Wewe uliyewapimia posho wafanyakazi wa mgodi wa Kisenge miaka kumi na minane, niambie nilipokosea.

Ni mimi, binti yako Ndaya


Kisenge, 6 Oktoba 2024

Mama Ndaya,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, si kwa sababu umekuwa directrice. Nimepokea sabuni, chumvi na barua. Sabuni Stany ameilalia njiani, imekuwa bapa kama sandali. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Tatiana ni mzima, anaongea tangu kuamka mpaka kulala, sijui alirithi kwa nani, labda kwako.

Kanuni zako nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Maharage ni sawa. Kukataza soda ni sawa, ile ni maji ya rangi yanayolipiwa. Chungu kimoja ni sawa kabisa. Posho nayo haikumwuliza mtu baba yake ni nani, iliuliza tu ana watoto wangapi. Ndakala uzipime zikiwa kavu, mbele ya macho yako. Zikishalowa, mpishi anaweza kukuambia lolote na wewe utaitikia.

Ila kwenye mayai umeingia mto usiojua kina chake. Yai ni la mwenye nyumba, kama firigisi ya kuku. Mtoto aliyezoea yai akiwa mdogo, akikua atalifuata kwenye mabanda ya watu. Sheria hiyo sikuitunga mimi, tulitoka nayo Kasai, na baba yangu aliishika mpaka anakufa. Wewe mwenyewe ulikua bila mayai, na leo una ofisi yenye kitasa. Yafute, weka karanga. Komite itakusifu.

Baba yako,
Kankolongo, mzee wa mizani


Kolwezi, 28 Oktoba 2024

Tata,

Jambo sana. Mvua imefika, na sasa tunalalamikia matope. Stéphane amerudi zamu ya mchana, vitu vya nyumbani vimepona. Pole kwa goti, nimempa Stany mafuta ya kuchua. Na safari hii sabuni iko kwenye ndoo.

Jiko linakwenda, na sikufichi kwamba nina furaha. Mpishi wetu ni Mama Mushiya, mjane, mtu wa Kasai kama sisi, mikono yake haijui kukosea chumvi. Wiki ya kwanza watoto wa biskuti walikaa wameitazama sombe kana kwamba imewatukana. Wiki ya tatu mmoja wao, Fifi, alilamba sahani yake, kisha akaomba ya jirani. Ndakala nazipima zikiwa kavu kama ulivyosema. Mama Mushiya alicheka akaniuliza: "Mama Directrice, nani alikufundishaka? Huyu muntu alifanyaka posho." Nikamwambia ni wewe.

Mayai sikuyafuta. Tata Muteba, mkubwa wa komite, alikuja na maneno yako yale yale, mpaka nikafikiri mmeandikiana. Yeye ana pacha wawili kwangu. Nikamjibu kwamba sista wa afya hajawahi kupima wizi kwa utepe. Hakucheka.

Nami nina swali, nakuuliza kama binti, si kama directrice. Una kuku saba uani. Tatiana anakula yai? Ana miaka mitano, na Mamie amekuachia wewe. Nijibu tu hilo.

Kuhusu mimi kukua bila mayai, tuliache.

Ndaya


Kisenge, 30 Novemba 2024

Mama,

Usihesabu siku za ukimya huu. Stany alikwama Kasaji siku nne, kisha akaharibikiwa breki, kisha akaoa, au alihudhuria ndoa, sikuelewa vizuri. Mafuta ya kuchua yamefika. Goti linanukia vizuri, linauma vile vile.

Habari za huku ni nyingi. Bati la jikoni lilipeperushwa na upepo, vijana wa kanisa wamelirudisha. Tatiana ameng'oka jino la mbele na sasa anahesabu mpaka thelathini kwa kurusha mate. Mama wa jirani ameleta muhogo, nimempa ndizi. Kuku wanataga vizuri, Mungu ashukuriwe. Yule mweusi ameamua kulalia.

Huyo Mama Mushiya wako msalimie. Mpishi anayecheka mizani ikitajwa ni mwaminifu. Mwizi hunyamaza.

Ulisema tuliache. Nami naliacha.

Kankolongo


Kolwezi, 12 Januari 2025

Tata,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa mwenye pengo. Sikukuu ilikuwa njema. Mamie alikuja na samaki mkubwa, Stéphane aliimba kanisani, tulikaa wengi mezani, ukakosekana wewe.

Nilisoma barua yako. Kuku wanataga, bati limerudi, jino limeng'oka, na swali langu umelipita pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi. Haya. Leo nina jambo kubwa kuliko swali langu.

Ijumaa ya wiki tuliyofungua shule nilikwenda kwenye jalala la jikoni kutafuta maganda ya mayai, niyaponde kwa bustani ya bitekuteku. Nilikuta maganda ya karanga, ya ndizi, miiba ya ndakala. Ganda la yai, hata moja. Tangu Septemba, watoto arobaini na wawili, mara mbili kwa wiki, na hakuna ganda. Mpishi ninayempenda, nikasema, anauza mayai ya watoto.

Nikamwita. Hakuogopa hata kidogo, alifuta mikono akanitazama usoni. "Mayayi? Batoto bote banapataka, Mama Directrice. Saa ya kwenda kwabo, mi mwenyewe ku mulango nawekaka yayi mu poche ya kila mutoto. Nabambia: enda polepole, isipasuke, pelekea baba yako."

Nikamwuliza kwa nini baba. Akanionea huruma, naona alidhani nimechoka. "Weye ulisema kila mutoto apate yake mu mukono. Nilimupa mu mukono. Sasa mutoto atakula yayi namna gani, na baba yake iko muzima?"

Tata, niliketi juu ya gunia la unga. Nilidhani wanayala saa nne, nikiwa kwenye karatasi zangu, na wakati huo wa kwenda nyumbani mimi huwa ofisini na wazazi, sijawahi kuona. Na watoto walibeba. Watoto wa miaka minne walivuka barabara ya malori wameshika mifuko yao kwa mkono, na yai likafika zima. Na akina baba wakala, watoto wenyewe wameniambia. Wote, Tata. Tangu Septemba, kwenye kila mkutano wananiambia yai litawafanya watoto wao wezi, na hakuna hata mmoja aliyesema: lakini mbona yai lenyewe nalila mimi?

Sista amewapima tena. Kati ya wale tisa, watano wametoka kwenye njano, maharage na sombe vimefanya kazi yake. Wanne bado. Hao wanne ndio walihitaji mayai yale.

Sikumfukuza Mama Mushiya. Nilitaka, kisha sikuweza, maana hakuniibia kitu, alinitii kwa akili yake. Lakini tarehe 22 inakuja. Nikiwaambia akina baba ukweli, watajitetea kwa kumtoa yeye kazini na kufunga jiko. Nikinyamaza, mayai yataendelea kutembea. Watoto wanakula vizuri kwa mara ya kwanza, na mimi nitalipoteza jiko hili kwa sababu ya yai.

Nakuomba uwaandikie barua. Wewe ni mkubwa wao wote, ni mtu wa Kasai, na umekula firigisi maisha yako yote. Mimi wananiona msomi tu. Ila kama unaamini bado kwamba yai ni la mwenye nyumba, usiandike. Sitaki maneno ya kunifurahisha.

Binti yako,
Ndaya


Kisenge, 9 Februari 2025

Mama yangu Ndaya,

Tuko wazima, na kwa mara ya kwanza salamu nazifupisha. Barua yako ilifika juzi. Nilipofika kwenye mayai ya mifukoni nilicheka mpaka Tatiana akaja kuona kama nimepaliwa. Kisha nikaacha kucheka. Nilikaa na barua hiyo siku mbili.

Wasomee akina baba haya yafuatayo, yote, usiruke.

Wanangu, mimi ni Kankolongo, nilikuwa mpima posho hapa Kisenge. Jicho langu linajua uzito wa kitu kabla sijakishika. Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi, mimi, mke wangu na watoto. Tulikuwa na kuku wazuri. Jioni mke wangu aliniwekea mayai mawili kwenye sahani, akasema kuku wa leo ni wavivu. Mimi nilikuwa nimepita bandani asubuhi. Nilijua kuku si wavivu.

Siku moja mizani iliharibika, nikarudi mapema. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Watoto wangu walikuwa wamekaa chini wamegeukia ukuta, na mama yao alikuwa anakata yai lililochemshwa kwa uzi wa kushonea, ili vipande viwe sawa. Vipande vinne, kila mtoto chake. Yeye alilamba uzi.

Nikarudi nyuma kwa miguu ya polepole. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kazini nilisimama nje. Nilisalimia majirani, niliuliza habari za watu nisiowapenda, nilikagua ua usio na kitu cha kukagua. Nikisikia sahani imewekwa, ninakohoa, ndipo naingia. Miaka mingi. Majirani walinisifu kuwa mtu wa watu.

Sikuweza kumruhusu, kwa sababu baba yangu hakunifundisha kuruhusu. Sikuweza kumkataza, kwa sababu nilikuwa nimewaona wakila. Nilijiona mwema sana pale nje. Lakini mke wangu alikufa akiamini kwamba alinificha, na aliishi na hofu ya siku nitakayojua. Neno moja tu lingemwondolea hofu hiyo, na sikulisema. Hilo ndilo linaloniuma, wanangu, na haliponi kwa mafuta ya kuchua.

Hakuna hata mmoja katika watoto wangu aliyekuwa mwizi. Mmoja ananipunja kwenye samaki, lakini hiyo ni biashara. Yule wa vipande ambaye leo ni directrice ndiye anayewasomea. Mnayakula mayai ya watoto wenu na mnajua yanakotoka. Mimi angalau nilisimama nje.

Ni hayo. Mama Mushiya msimguse, amefanya kama alivyolelewa, na hata yeye hakujiwekea yai.

Baba yako


Kolwezi, 2 Machi 2025

Tata,

Jambo. Tuko wazima sote. Stany alifika tarehe 22 yenyewe, mchana, wazazi wamekwisha kaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Barua niliifungua mbele yao. Ningeisoma kwanza peke yangu, ningejizuia.

Nilisoma mpaka kwenye uzi. Pale sauti ilikatika. Nilijaribu tena, ikakatika tena. Tata Muteba alinyanyuka, nikafikiri anatoka, kumbe anakuja kuichukua barua mkononi mwangu. Akasoma yeye mpaka mwisho, polepole, kwa sauti ile ile anayonigombeza nayo. Alipofika "mimi angalau nilisimama nje," akakunja karatasi, akairudisha mkononi mwangu.

Kisha akasema: "Mi niko na pacha. Mbili Jumanne, mbili Ijumaa. Nilikulaka yote. Batoto banasimama pale, banaangalia kinywa yangu, nasema, batoto ba heshima." Akatazama chini. "Banaangalia kinywa yangu, bandugu."

Hakukuwa na kura, Tata. Mmoja aliuliza tu kama mayai yataanza Jumanne hiyo. Jiko limebaki. Mama Mushiya amebaki pia, alikuwa mlangoni na kijiko chake, alisikia yote. Jumanne alichemsha, akamenya kila yai mwenyewe, akaliweka katika sahani ya kila mtoto, saa nne asubuhi, mbele yangu. Yai la kwanza aliliweka, akaliondoa, akaliweka tena. La kumi alikuwa anaimba. Pacha wa Muteba waliyaangalia mayai yao, kisha wakaangalia mlango, kama kuna mtu wa kuombwa ruhusa. Hakuna mtu. Wakala.

Sasa langu. Sisi tulikuwa tunakuonea huruma. Mama alitufuta midomo kwa kitambaa chenye maji, akatunusa mmoja mmoja, akasema: "Baba yenu ana macho ya mizani, mukae kimya." Ukiingia tulikuwa tunakuangalia tukifikiri, maskini Tata, anaibiwa kwake mwenyewe na hajui. Ndiyo maana nilikuandikia "tuliache." Nilikuwa bado nakuficha, na mimi nina miaka arobaini na minane.

Mama alikuogopa kidogo, ni kweli, sitakudanganya. Lakini mara nyingi alikuwa anacheka. Alicheka sana jikoni, Tata, ulipokuwa nje. Nadhani hilo hukulisikia kwa sababu ulikuwa unaongea na majirani.

Swali langu la Oktoba bado linangoja.

Ndaya wako


Kisenge, 23 Machi 2025

Mama Ndaya,

Wazima. Goti ni lile lile. Kuku mweusi ametotoa tena, vifaranga tisa, mwewe amechukua mmoja. Mwambie Tata Muteba namsalimia, na kwamba anasoma vizuri.

Kwamba alicheka, sikujua. Nimelisoma neno hilo kila siku tangu Stany aliporudi.

Swali lako nilikuwa nalijibu kwa njia yangu. Mama wa jirani alikuwa anampa Tatiana yai nyuma ya nyumba, kutoka kwa kuku wangu, na mimi nilikuwa natoka kukagua ua wa mbele. Unaona nilivyo mzito wa kujifunza.

Juzi nilichemsha yai mwenyewe. Nililiacha kwenye moto sana, likapasuka. Nikamweka Tatiana mezani, nikaliweka mbele yake, nikakaa upande wa pili. Alilitazama, akanitazama mimi babu yake. "Kaku, na weye?" Nikamwambia nimeshiba. Haikuwa kweli. Akaanza kula, na pengo lake lile, kiini kikamganda kwenye kidevu, anaongea huku anatafuna, ananieleza habari ya mbuzi wa mwalimu.

Nilibaki kwenye kiti mpaka alipomaliza. Ilikuwa vizuri, mama. Ilikuwa vizuri sana. Miaka yote ile kumbe ningeweza kukaa ndani, nikawaangalia mkila.

Baba yako,
Kankolongo